Sketi Imefunuka: Kauli ya Kutendeka katika Picha za Vipusa za Kalenda za Kimarekani

Utangulizi

Swali la usawiri wa mwanamke limezoeleka mno katika uhakiki wa Kiswahili hata limekaribia kupoteza makali yake. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili hufungua riwaya, akaorodhesha wahusika wa kike, akawagawa katika mafungu mawili, wenye taswira chanya na wenye taswira hasi, kisha akahesabu. Fungu lenye watu wengi ndilo huwa matokeo ya utafiti. Sifa ya mbinu hii ni wepesi wake, na huenda hiyo ndiyo sifa yake ya pekee. Ikipelekwa nje ya fasihi andishi, katika usomaji wa picha, udhaifu wake hujitokeza mara moja, kwani mhusika wa pichani hasemi, hana wasifu, na mara nyingi hana hata jina. Mhakiki hubaki na uso, mkao na nguo, akavipa alama mithili ya mwalimu anayesahihisha insha.

Makala haya yanaipinga mbinu hiyo kwa kutumia mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuiunga mkono kabisa: picha za wanawake zilizochorwa nchini Marekani baina ya miaka ya 1930 na 1960 kwa ajili ya majarida na kalenda za matangazo. Wamarekani waliziita pinapu, kwa kuwa zilibanwa ukutani kwa pini. Kwa Kiswahili zinaweza kuitwa picha za vipusa, na jina hilo linazifaa kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya kuwa sifa ya msichana mrembo, kipusa ni pembe ya kifaru, bidhaa iliyosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Anayemwita msichana kipusa, ajue asijue, amekwisha kutaja soko.

Kuhusu picha hizi kuna namna tatu za usomaji zinazorudiwarudiwa. Ya kwanza ni ya wakusanyaji na wachapishaji wa vitabu vikubwa vya picha. Kwao hizi ni kumbukumbu za enzi ya usafi wa moyo: msichana wa jirani, mcheshi, asiye na hila, ambaye upepo umemfanyia utani. Ya pili ni ya wale wanaotangaza kwamba mwanamke amefanywa chombo, wakaishia hapo, kana kwamba neno hilo likishatamkwa kazi ya uhakiki imekwisha. Ya tatu, ambayo ndiyo changa zaidi, huona katika tabasamu la kipusa ushahidi wa uwezo: huyu ni mwanamke anayejua uzuri wake na kuumiliki. Namna hizi tatu hugombana kwa sauti kubwa, ilhali zimesimama juu ya msingi mmoja. Zote huuliza mwanamke huyu ni wa namna gani. Hakuna inayouliza pichani kumetendeka nini, na kimetendwa na nani.

Ajali na sarufi yake

Gil Elvgren (1914–1980), mzaliwa wa St. Paul katika jimbo la Minnesota, alianza kuichorea kampuni ya kalenda ya Brown & Bigelow ya mji huohuo mnamo 1945, akaendelea nayo kwa zaidi ya miaka 25. Alipaka rangi za mafuta juu ya kitambaa, aghalabu cha inchi 30 kwa 24. Ufundi wake haubishaniwi na yeyote aliyewahi kuzitazama picha hizo kwa makini: ngozi inang'aa, soksi zina uzito wa soksi, mwanga unaangukia mahali panapostahili. Lakini ufundi ni jambo moja na kisa ni jingine, na katika kazi zake kisa ni kilekile. Msichana anavuka uzio, sketi inakwama. Anatembeza mbwa, kamba inamzunguka miguuni, sketi inapanda. Anakwea ngazi, anashuka garini, anasimama penye upepo. Kila mara kitu kisicho na nia, au mnyama asiyejua alitendalo, huifikisha nguo mahali ambapo soksi zinaishia.

Art Frahm (1907–1981) aliupeleka mtindo huu hadi ukingoni mwa kichekesho. Katika miaka ya 1950 alichora mfululizo wa picha ambamo chupi ya mwanamke inaanguka hadharani. Mpira wa kiunoni umelegea, na mikono ya mwanamke imejaa vitu hata hawezi kujisitiri. Wapenzi wa picha hizo hukumbuka zaidi mfuko wa manunuzi wenye mashina ya seleri yaliyochomoza juu; ni dalili ya jinsi mtazamaji anavyoweza kufurahia mboga ili asiulizwe juu ya kitu kingine. Katika baadhi ya picha hizo kuna wanaume waliosimama kando wakishuhudia. Hawakumgusa. Hawakusema neno. Walikuwa wakipita tu.

Mjuzi yeyote wa sarufi ya Kiswahili atatambua kauli ambayo picha hizi zimechorwa kwayo. Sketi imefunuka. Mpira umekatika. Mlango umefunguka. Hii ni kauli ya kutendeka, nayo ina tabia ambayo kauli ya kutenda na ya kutendwa hazina. Asemaye "msichana amefunua sketi" amemtaja mtenda. Asemaye "sketi imefunuliwa" ameacha nafasi ya kiunganishi "na" ambayo msikilizaji ana haki ya kudai ijazwe: imefunuliwa na nani? Lakini asemaye "sketi imefunuka" ameufunga mlango. Haisemwi "imefunuka na fulani". Kitendo kimetokea pasi na mtu, na swali la mtenda halina pa kushika. Kila mzazi anaijua kauli hii, maana ndiyo atumiayo mtoto aliyesimama juu ya vigae: kikombe kimevunjika.

Kauli hiyo ina maana ya pili, ambayo kwa mada hii ni nzito zaidi. Licha ya kuonyesha hali iliyotokea, kutendeka huonyesha uwezekano ulio ndani ya kitu chenyewe. Njia inapitika, maandishi yanasomeka, chakula kinalika. Kwa msingi huohuo husemwa kwamba mwanamke fulani anatazamika, anapendeka, anatamanika. Tamaa kwa hakika ni ya mwenye kutamani. Ni yeye aliyeibeba alipoingia chumbani. Lakini viambishi viwili vidogo vimeihamisha ikawa sifa ya mwenye kutamaniwa, kama vile utamu ulivyo sifa ya embe. Picha za Elvgren hufanya uhamisho huo kwa brashi. Uwezekano wa kufunuka umepakwa ndani ya sketi, na uwezekano wa kutazamwa umepakwa ndani ya mwanamke, hata mtazamaji huondoka akiwa hana deni.

Hapa ndipo udhaifu wa usomaji wa kwanza unapodhihirika. Wanaoziita picha hizi safi na zisizo na hila hawajazihakiki, wamezitii. Usafi wanaousifu ndio hoja ambayo picha yenyewe iliundwa ili iitoe. Kuurudia kwa nathari ni sawa na kumhakiki shahidi kwa kukariri ushahidi wake.

Suala la njeo nalo halifai kupuuzwa. Kiambishi "me" huonyesha tendo lililokwisha ambalo hali yake bado ipo. Kalenda nyingi za aina hii zilikuwa na picha moja kubwa juu, na chini yake bunda la karatasi za miezi, ambazo zilichanwa moja baada ya nyingine. Ajali ya kweli hudumu nukta chache: mwanamke huishusha sketi, humkaripia mbwa, huenda zake. Ajali ya kalenda ilidumu kuanzia Januari hadi Desemba. Miezi ilichanwa na sketi ikabaki vilevile. Hakuna picha ya pili ambamo anaonekana amejifunika, na mtu aliyepita mbele ya ukuta ule kila asubuhi hakupata fursa ya kumwona akimaliza.

Ama kuhusu uso, wahakiki wa kundi la tatu wameutegemea mno. Ni kweli kwamba kipusa wa Elvgren ana uso wenye uhai. Nyusi zimepanda, midomo imefanya duara, macho mara nyingi yanamwelekea mtazamaji, na mara nyingine kicheko kiko karibu. Kiswahili kina msamiati mpana wa mtu aliyeonwa asipotaka kuonwa: kuna haya, kuna aibu, kuna fedheha, kuna izara, na kuna hasira. Katika nyuso hizi upo mshangao, na haya kidogo, kiasi cha kuunga mchuzi. Hasira haipo. Kukosekana kwake si jambo la tabia ya mwanamke huyu, maana hana tabia. Ni sharti la kisa. Hasira hudai mlengwa. Mara tu atakapokunja uso, mtazamaji atalazimika kuuliza amemkasirikia nani, na ajali itakoma kuwa ajali.

Mtenda aliyefichwa

Inafaa basi kuirudisha sentensi katika kauli ya kutendwa na kuijaza nafasi iliyoachwa wazi. Elvgren hakungoja upepo. Aliajiri wanamitindo, akapanga mandhari studioni kwa viti, ngazi na vifaa vingine, akapiga picha kwa kamera, kisha akachora kwa kufuata picha hizo huku akizibadilisha. Baadhi ya picha za kamera zimechapishwa kando ya michoro, na tofauti huonekana kwa jicho la kawaida: miguu imerefushwa, kiuno kimepunguzwa, uso umechangamshwa. Ndani ya studio ajali haiji yenyewe. Huandaliwa, huwashiwa taa, na aliyesimama ndani yake hulipwa kwa saa. Marilyn Monroe, kabla ya umaarufu wake, alikuwa mmoja wa wanamitindo wa namna hiyo. Alimkalia mchoraji Earl Moran katika nusu ya pili ya miaka ya 1940. Kazi ya mwanamitindo ni kazi, yenye maumivu ya mgongo na ujira wake. Picha iliyokamilika huificha kazi hiyo na badala yake huweka bahati mbaya.

Mtenda wa pili alichapishwa waziwazi, na bado wahakiki wamempita. Brown & Bigelow, iliyoanzishwa mwaka wa 1896, haikuwa nyumba ya sanaa. Ilikuwa kampuni ya bidhaa za matangazo. Iliuza kalenda kwa wafanyabiashara, ambao waliwapa wateja wao bila malipo, na chini ya picha palipigwa chapa jina la mfanyabiashara huyo pamoja na anwani yake: karakana ya magari, duka la vifaa vya ujenzi, muuza matairi. Hicho ndicho kiunganishi "na" kilichokuwa kikitafutwa. Sketi imefunuliwa na muuza matairi. Mwenye karakana alimpa mteja kitu cha kutazama kama vile mwingine anavyotoa kikombe cha kahawa, na mteja akakumbuka jina la karakana. Mwanamke wa pichani ni adabu baina ya wanaume wawili wanaofanya biashara. Mhakiki anayesema tu kwamba amefanywa chombo hajakosea, ila hajaeleza chombo cha kazi gani, cha nani, na kilinunuliwa kwa sababu gani. Neno "chombo" nalo limekuwa kauli ya kutendeka ya uhakiki: mwanamke amedhalilika, usawiri umepotoka, na hakuna aliyedhalilisha wala aliyepotosha.

Alberto Vargas anastahili kutajwa peke yake, kwa sababu kisa chake kinaonyesha kwamba kufutwa kwa mtenda hakukuishia kwenye mchoro. Alizaliwa Arequipa, Peru, mwaka wa 1896, akaanza kuchorea jarida la Esquire mwaka wa 1940, baada ya George Petty, ambaye alikuwa amelichorea tangu lilipoanzishwa mwaka wa 1933. Jarida lilimpunguzia jina herufi ya mwisho, akawa Varga, na picha zake zikapata umaarufu mkubwa miaka ya vita. Walipoachana mwaka wa 1946, Esquire liliendelea kuchapisha michoro iliyokuwa nayo bila kutia jina lake. Alishtaki. Mwaka wa 1947 mahakama ya rufani iliamua kwamba kwa mkataba aliotia saini alikuwa amekwisha kuachilia haki zote juu ya michoro hiyo. Picha zikabaki bila mchoraji, zimechoreka.

Hata hivyo haitakuwa haki kudai kwamba vipusa wote wamo katika kauli moja. Wanawake wa Petty na wa Vargas hawanaswi na uzio. Wamekaa au wamelala juu ya weupe wa karatasi, bila chumba, bila barabara, wakati mwingine bila chochote isipokuwa simu mkononi. Wao ni nomino zisizo na kitenzi. Mmoja wao, mwenye simu, aliyetoka katika Esquire la Aprili 1941, alinakiliwa kwenye pua ya ndege ya kivita ya Memphis Belle, ambayo wanajeshi wake walikamilisha safari 25 za mapigano Mei 1943. Robert Westbrook, katika makala ya 1990, ameeleza jinsi picha za namna hii zilivyomkumbusha askari wajibu wake wa faragha, yaani mwanamke aliyekuwa akipigania nyumbani. Hoja hiyo ina nguvu kwa miaka ya vita. Kinachobaki kuelezwa ni kwa nini, vita vilipokwisha na wanaume kurudi nyumbani, kipusa alipewa kitenzi, na kitenzi chenyewe kikawa kuanguka, kukwama, kufunuka.

Pingamizi

Watetezi wa usomaji wa tatu wana ushahidi ambao si wa kudharauliwa. Baadhi ya wachoraji mashuhuri wa kalenda walikuwa wanawake: Zoë Mozert (1907–1993), Pearl Frush, Joyce Ballantyne. Mozert, aliyesaini mkataba na Brown & Bigelow mwaka wa 1941, mara nyingi alijichora mwenyewe kwa kutumia kioo. Ikiwa mwanamke amesimama mbele ya kioo, akajitazama, akajichora, akalipwa, na bado mhakiki anasema jicho lililo pichani ni la kiume, je, mhakiki huyo hajamnyang'anya mwanamke hata kazi ya mikono yake?

Swali ni zuri, na jibu lake si la kumhukumu Mozert. Nadharia ya Laura Mulvey ya mwaka wa 1975 kuhusu jicho la kiume katika sinema haikuwa inahesabu jinsia ya watengenezaji. Ilikuwa inauliza mtazamaji amewekwa wapi. John Berger naye, mwaka wa 1972, aliwaonyesha wasomaji wake mwanamke wa sanaa ya Ulaya aliyefunzwa kujichunguza kwa macho ya wengine. Kioo cha Mozert kinaweza kuwa uhuru, kinaweza pia kuwa karakana ndogo ndani ya chumba chake mwenyewe. Haliwezi kuamuliwa hilo kwa kutazama jina lililo pembeni mwa picha. Litaamuliwa kwa kuutazama mchoro mmoja mmoja na kuuliza mwanamke anatenda nini. Na akiulizwa hivyo, Mozert hutoka vizuri kuliko wanaume wengi wa kampuni ileile, kwa sababu wanawake wake kwa kawaida wanajua kwamba wanatazamwa na hawakungojea mbwa awaumbue.

Joanne Meyerowitz, katika makala yake ya 1996, alifanya kazi ambayo wahakiki wengi huiona ya chini: alisoma barua ambazo wasomaji waliyaandikia majarida, yakiwamo Esquire na Ebony. Akakuta kwamba wanawake wa wakati huo hawakuwa na rai moja. Wapo waliozichukia picha hizo, na wapo waliozipenda na kuzitetea. Matokeo hayo yanauvunja usomaji wa pili, ule unaodhani kwamba picha ina athari moja kwa kila aionaye. Lakini hayausimamishi ule wa tatu. Mwanamke kupenda picha ni jambo la historia ya upokezi. Halibadilishi kisa kilichomo. Maria Elena Buszek (2006) amekwenda mbali zaidi, akafuatilia uhusiano wa pinapu na harakati za wanawake tangu picha za waigizaji wa kike wa karne ya kumi na tisa. Pale ambapo mwigizaji alisimama mbele ya kamera kwa hiari yake na kuuza picha yake, hoja ya Buszek inasadikisha. Taabu huanza wafuasi wanapoichukua hoja hiyo na kuibandika juu ya kila mguu uliochorwa.

Mhusika mmoja anawatatiza wote, naye ni Hilda, mwanamke mnene, mwenye nywele nyekundu, aliyechorwa na Duane Bryers kwa ajili ya Brown & Bigelow tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hilda naye huanguka, hukwama, huvamiwa na wanyama. Ila Hilda ana shughuli. Anavua samaki kwa sababu anataka samaki. Anasoma kitabu na kitabu kimemteka. Akipatwa na ajali, kilichokatizwa ni kazi yake, na kicheko chake ni cha mtu anayejicheka. Katika jedwali la chanya na hasi, Hilda na msichana wa Elvgren wangeingia safu moja: nguo chache, mkao wa kuchekesha, kalenda ileile. Mbinu isiyoweza kuwatofautisha haifai kufundishwa.

Jicho lililosamehewa

Kauli ya kutendeka humsafisha mchoraji na mnunuzi, lakini aliyenufaika kuliko wote ni mtazamaji. Kiswahili hutofautisha kuona, kutazama, kuchungulia na kukodoa. Picha ya ajali humhakikishia mtazamaji kwamba aliona tu; kwamba jicho lake, nalo, liliangukia pale. Swali ambalo wahakiki wa kundi lolote kati ya hayo matatu hawaliulizi vya kutosha ni hili: msamaha huo ulikuwa wa nani?

Mchoraji mweusi, E. Simms Campbell (1906–1971), alikuwa miongoni mwa wasanii wa Esquire tangu mwanzo wa jarida hilo. Vibonzo vyake vya masultani na masuria vilijulikana nchi nzima (msomaji wa Zanzibar, ambako sultani alikuwa mtawala wa kweli hadi Januari 1964, atakuwa na lake la kusema juu ya masultani hao), na wanawake aliowachora kwa wingi walikuwa weupe. Alichora kwa miaka mingi katika nchi ambamo mwanamume mweusi aliweza kufa kwa tuhuma ya kumtazama vibaya mwanamke mweupe. Agosti 1955, Emmett Till, mvulana wa miaka 14, aliuawa Mississippi baada ya kudaiwa kwamba alimpigia mluzi mwanamke mweupe dukani. Waliomuua waliachiliwa na jopo la raia weupe watupu. Mwaka huohuo kuta za karakana zilikuwa na vipusa wa Elvgren, na mteja mweupe aliyesimama mbele yao alikuwa ameona tu, kwa bahati.

Ikizingatiwa hivyo, usafi wa moyo unaosifiwa na wakusanyaji unaonyesha sura nyingine. Msichana wa jirani alikuwa na jirani maalumu. Upepo uliomfunua haukuvuma kwa kila mtu. Jibu la majarida ya watu weusi, hasa Jet lililoanza mwaka wa 1951, lilikuwa kuwachapisha vipusa wao weusi kwa picha za kamera, na barua alizozisoma Meyerowitz zinaonyesha kwamba wasomaji walibishana juu ya jambo hilo kwa ukali. Ubishi huo ni darasa bora la usawiri wa mwanamke kuliko albamu nyingi za kisasa, maana ndani yake watu wanaulizana nani anamwonyesha nani, na kwa faida gani.

Hapa Kenya kauli hiyohiyo imewahi kusikika nje ya sanaa. Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani na wanaume katika kituo cha magari jijini Nairobi, na wanawake wakaandamana wakidai haki ya kuvaa watakavyo. Katika mjadala uliofuata palisikika wenye kueleza tukio kwa kuanza na nguo: ilikuwa fupi, ilimponza. Nguo ikawa kiima cha sentensi. Waandamanaji walifanya kazi ya kisarufi kabla ya kuwa ya kisiasa. Waliirudisha sentensi kwenye kutendwa na kudai jina la mtenda. Sheria iliyorekebishwa mwaka huohuo ilifuata njia hiyo, kwani kosa la kumvua mtu nguo haliwezi kuandikwa katika kauli ya kutendeka. Haidaiwi kwamba kalenda za St. Paul ndizo zilizowafunza wanaume wa kituo kile. Kinachodaiwa ni kwamba mhakiki aliyezoea kusoma "imefunuka" bila kushtuka atakuwa na masikio mazito siku atakapoisikia barabarani.

Turathi bila kalenda

Leo picha hizi zimepanda daraja. Tangu kitabu kikubwa cha Charles Martignette na Louis Meisel cha 1996, albamu zimechapwa na kuchapwa tena, na mchoro halisi wa Elvgren umewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000 za Marekani. Hakuna ubaya kwa mchoraji stadi kutambuliwa, na wale waliomdharau kwa kuwa alichorea matangazo walikuwa na dharau za kitabaka zisizohitaji kutetewa. Lakini katika albamu hizo picha aghalabu hutolewa peke yake, kwenye karatasi nzito yenye kung'aa, na chini yake jina la mchoro, mwaka na vipimo. Bunda la miezi halipo. Jina la muuza matairi, anwani yake na namba yake ya simu, ambavyo vilikuwa mstari wa pekee wa maandishi uliokiri ni nani aliyelipa, vimekatwa.